Moshi wa Landrova ya Nkwabi

Gari likitoa moshi mweusi, fundi haumizi kichwa: petroli imezidi hewa. Likitoa moshi wa bluu, haumizi kichwa vilevile: oili inaungua mahali isipotakiwa. Lakini likitoa rangi zote mbili kwa mpigo, na injini yake umeifumua na kuifunga upya wewe mwenyewe, na mwenye gari ni mama mkwe wako, hapo hata fundi mzoefu hutamani angejifunza kushona viatu.

Rénovat alikuwa katika hali hiyo Jumatano moja ya msimu wa mavuno, kwenye gereji yake ya Majengo, Mpanda mjini. Mbele yake ilisimama Landrova pikapu ya petroli, kongwe kuliko yeye, iliyoletwa kutoka Majimoto na mama mkwe huyo, aliyerudi kwa basi, kwa mara ya tatu tangu aitengeneze. Watu wa mtaani walijua imefika kabla hawajaiona. Mama muuza maandazi wa ng'ambo ya barabara alifunika beseni lake kwa kanga, akasema bila kumtazama mtu, "Mkwe wa watu anafukiza mbu mchana kweupe."

Gari lilikuwa la marehemu Nkwabi, mfugaji wa Kisukuma aliyeshuka Majimoto na ng'ombe wake zamani, akaishia kupenda mpunga kuliko maziwa. Macho yake yalipoanza kuingia ukungu, alimfundisha mkewe Nyanzala kuendesha. Alimfundishia kwenye majaruba ya mpunga yaliyokwisha kuvunwa, ambako hakuna cha kugonga isipokuwa vichuguu. Nkwabi alipofariki, Landrova ilikaa uani, kuku wakitaga chini ya usukani, na ndugu wakaanza kuipigia hesabu. Nyanzala akasema haiuzwi, itatengenezwa, na atakayeitengeneza ni mkwe wake wa Katumba, mume wa binti yake Kabula.

Neno hilo Rénovat alilipokea kama mtu anayekabidhiwa mtoto mchanga. Yeye alizaliwa Katumba, mtoto wa wakimbizi wa Burundi, na uraia aliupata ukubwani pamoja na wazazi wake. Alipokwenda kumposa Kabula, Lyamba, mdogo wake Nkwabi, aliuliza mbele ya watu kama kijana huyu ana kwao. Nkwabi ndiye aliyekata shauri kwa kusema kwao ni Katumba, si mbali, hata ng'ombe anafika. Swali la Lyamba halikumtoka Rénovat moyoni. Sasa Nkwabi hayupo, na Lyamba ndiye mkubwa wa ukoo.

Na Lyamba alikuwa amepiga simu asubuhi hiyo hiyo. "Mkwe, sikiliza. Jumamosi wale wanunuzi wa chuma chakavu wanakuja mnadani. Gari likitoa moshi tena, linapanda kwenye lori lao, tunanunua pikipiki ya mizigo, toyo ya matairi matatu. Hatuwezi kuchekwa na Majimoto nzima kwa sababu ya gari la mjane."

Toyo ingeendeshwa na watoto wa Lyamba, hilo halikuhitaji mtabiri. Nyanzala, ambaye sasa alikuwa anajisombea mpunga wake na wa wajane wenzake hadi mashineni, angerudi kuomba usafiri kwa shemeji. Yote hayo yalikuwa yananing'inia kwenye moshi.

Rénovat hakuwa fundi wa kubahatisha. Alifungua plagi zote nne, akazipanga juu ya gunia. Zilikuwa nyeusi tii kwa masizi makavu, na mbili kati yake zilikuwa na unyevu wa oili juu ya masizi. Akachomoa kijiti cha kupimia oili, akakinusa. Kilinuka petroli. Akakifuta, akapima: oili ilikuwa imepanda juu ya alama badala ya kushuka. Injini inaunguza oili, na bado oili inaongezeka! Asiyejua angekwenda kwa mganga. Rénovat alijua kwamba petroli isiyoungua ilikuwa inateremka pembeni mwa pistoni na kuingia kwenye oili.

Basi akafungua kabureta. Floti iko sawa, sindano yake inafunga, chujio la hewa ni safi, kipepeo cha choki kimekaa wazi kama kinavyotakiwa. Alisafisha kila tundu, akafunga, akawasha. Landrova ilikohoa wingu moja jeusi, kisha ikatulia. Akaendesha hadi Sitalike na kurudi, akisimama mara kwa mara kuangalia bomba. Mweusi hakuna. Uliobaki ni wa bluu tu, mwembamba, unaotoka akikanyaga mafuta.

Mara zote mbili za nyuma ilikuwa hivyohivyo. Gari lilifika Majengo likifuka, likakaa mikononi mwake na adabu zake zote, na liliporudi Majimoto likaanza ujeuri.

Sylvanus, fundi wa gereji ya jirani, alikuja akitafuna muwa, akasikiliza, akatema makapi. "Ringi za pistoni umezivalisha chini juu. Fungua injini, yaishe."

"Alama ya juu niliiangalia kwa tochi, moja baada ya nyingine."

"Kila fundi aliyegeuza ringi aliangalia kwa tochi."

Kufungua injini kungekula wiki nzima, na Jumamosi ilikuwa mlangoni. Tena kungempa Lyamba ushahidi aliokuwa akiutafuta. Lakini hayo hayakuwa makubwa. Kubwa ni kwamba akili ya Rénovat ilikataa. Alikaa juu ya tairi bovu, akafikiri kwa sauti, kwa sababu Sylvanus alikuwa bado na nusu ya muwa.

"Anza na mweusi. Petroli nyingi inaosha oili kwenye kuta za silinda. Ringi mpya zinataka oili yake na zinataka kazi ndipo zikae vizuri. Zikioshwa kila siku hazikai, na zisipokaa, oili inapanda juu na kuungua. Kwa hiyo wa bluu ni mtoto wa mweusi. Sasa huyo mweusi, mbona kwangu hatoki?"

"Basi ni dereva. Kaa naye uone anavyoendesha."

"Siwezi. Ni mama mkwe wangu."

Sylvanus alicheka mpaka muwa ukampalia. "Basi fungua injini."

Hapa lazima jambo moja lielezwe, maana bila hilo mtu atadhani Rénovat alikuwa mjinga. Kabla ya kwenda kuposa, mshenga wake Pontien, mtu wa Katumba ambaye alijihesabu bingwa wa mila za Wasukuma kwa kuwa alinunua ng'ombe kwao miaka mingi, alimkalisha chini akamfunda. Mkwe hamtazami mama mkwe usoni. Hali naye kwenye chombo kimoja, hakai naye karibu, hamsemeshi ila kwa kupitia mtu. Hata Kirundi, alisema Pontien, si kina heshima zake kwa mabukwe, mama wa mke? Basi kwa hawa zidisha. Rénovat alizidisha. Siku ya kwanza Nyanzala alipotokea ghafla kwenye kona ya nyumba na sinia la wali, Rénovat alikimbilia kwenye banda la kuku, akakaa humo mpaka aliposikia nyayo zimepita. Tangu hapo, miaka minne, hawakuwahi kubadilishana neno. Heshima si utumwa, ndiyo, lakini ya Rénovat ilikuwa inaukaribia.

Kila kitu kilipita kwa Kabula. Jioni ile alimwomba mkewe apige simu, amuulize mama anaendeshaje.

Kabula aliongea Kisukuma kwa kirefu, akacheka, akakata simu. "Anasema anaendesha kama baba alivyomfundisha. Anauliza kwani wewe unataka aendesheje?"

"Sina maana hiyo!"

"Na mimi nimemwambia huna maana hiyo, Baba Joséline. Kula, ugali unapoa."

Ijumaa walitoka Mpanda, Rénovat usukanini, Kabula na mtoto wao Joséline pembeni. Walikatiza mbuga vioo vikiwa vimefungwa kwa ajili ya mbung'o, wakatokea Kibaoni, wakateremka Majimoto, na njia nzima Landrova haikutoa hata uzi wa moshi mweusi. Rénovat aliisimamisha nje ya ua, akampa Kabula ufunguo, yeye akapitia nyuma kusalimia kwa Lyamba kama mkwe mwenye adabu.

Mchana Nyanzala alitaka kwenda shamba kuchukua mpunga uliobaki. Rénovat alisema, kwa kupitia Kabula, kwamba angeomba kwenda nao akiwa nyuma kwenye bodi. Jibu likaja, kwa kupitia Kabula, kwamba hakuna neno. Alipanda, akakaa juu ya magunia matupu, mgongo akaupa kibanda cha dereva, uso akaupa barabara inayobaki nyuma. Kwa kazi ya kutazama moshi hakuna kiti bora kuliko hicho. Lakini kwa kazi ya kumtazama dereva ndicho kiti kibaya kuliko vyote, na hilo hakuliwaza.

Waliondoka safi. Nyanzala aliendesha taratibu mno, mwendo wa mtu aliyebeba mayai. Wakaingia kipande kibovu, ambapo matairi ya matrekta yalikuwa yamekata mifereji, gari likaanza kuruka. Baada ya mfereji wa tatu moshi ukaanza kuwa wa kijivu. Ukawa mzito. Walipotoka kwenye mashimo na kushika barabara nzuri, Rénovat alitegemea utapungua, lakini ulikuwa mweusi kabisa, na wapanda pikipiki waliokuwa nyuma walipunguza mwendo wakajifunika mashati puani.

Kabureta haibadilishi tabia kwa sababu ya shimo. Floti ikiruka, hutulia ukifika penye tambarare. Kitu kilichobadilika njiani kilikuwa kinabaki kimebadilika, na hakikuwa kwenye injini. Kilikuwa nyuma ya mgongo wake, upande wa pili wa kioo. Fimbo ya mbali haiui nyoka, na yeye miaka minne alikuwa ameishika fimbo ya mbali kuliko zote.

Alivuta pumzi, akageuka.

Kwa kupitia kioo chenye vumbi aliona kisogo cha Kabula, akaona kilemba cha kitenge cha mama mkwe wake, kisha akaona kikapu. Kilikuwa kikapu kikubwa cha ukindu, chupa ya chai imechomoza juu, kimejaa viazi vya kuchemsha na maji ya kunywa, na vishikio vyake vilikuwa vimening'inizwa kwenye kitasa cheusi cha dashibodi. Kitasa hicho kilikuwa cha choki. Gari liliporuka kikapu kiliruka, na kilipotua kilikivuta kitasa nje kidogo. Sasa kilikuwa kimetoka chote. Kule mbele choki ilikuwa imeziba hewa, na injini ilikuwa inakunywa petroli tupu.

Rénovat alielewa yote kwa mara moja. Wakati wa Nkwabi waya wa choki ulikuwa umekatika miaka mingi. Asubuhi za baridi mzee aliziba mdomo wa kabureta kwa kiganja, gari likawaka. Kitasa kilibaki pambo, na mkewe akakipa kazi ya kushika kikapu. Kisha akaja fundi hodari wa Katumba, akafunga waya mpya. Habari hiyo aliituma kwa Kabula pamoja na nyingine nyingi: oili ya namna gani, maji yaangaliwe lini, gari lisikimbizwe siku za mwanzo lakini libebeshwe mzigo injini ifanye kazi. Kabula alichagua lililomkaa akilini, akamwambia mama, "Anasema uendeshe taratibu." Mengine yaliishia njiani. Na kila safari ilipokwisha Nyanzala alikiondoa kikapu na kukisukuma kitasa ndani, maana marehemu alimfundisha kwamba dereva akishuka hurudisha kila kitu mahali pake. Ndiyo sababu Majengo gari lilifika halina ushahidi.

Hapo Rénovat akainua macho kidogo, na kwenye kioo cha dereva macho ya Nyanzala yalikuwa yanamtazama. Aligeuka nyuma haraka kama aliyeungua.

Kwanza alitaka kucheka. Halafu furaha ikamwisha. Kumwambia mama mkwe kwamba moshi ulioaibisha ukoo ulitoka kwenye kikapu chake, atamwambiaje, na kwa mdomo wa nani? Akimtuma Kabula, Lyamba atalisikia kabla jua halijazama, na Lyamba angelipokea kwa mikono miwili: mjane hajui gari, ufunguo uje huku. Kikulacho ki nguoni mwako, wahenga walisema, ila hawakusema umwambieje mwenye nguo.

Waliporudi nyumbani akafanya alichoweza kukifanya bila maneno. Alimwaga oili iliyochanganyika na petroli, akaweka mpya. Kisha akakunja kipande cha nondo, akakipiga msasa mpaka kikawa laini, akakifunga kwa bolti kwenye dashibodi upande wa abiria, mbali na kitasa. Ilikuwa ndoano nzuri, yenye kubeba hata vikapu viwili. Hakumwambia mtu.

Jumamosi asubuhi lori la chuma chakavu lilisimama nje ya ua, limejaa mabati na mifupa ya baiskeli. Lyamba alikuwa amevaa koti. Majirani walikuja kuazima ungo na kiberiti, vitu ambavyo siku zote walikuwa navyo.

"Washa," Lyamba alisema.

Rénovat akawasha. Injini ikanguruma, bomba safi. Alipokanyaga mafuta, ukatoka wa bluu.

"Si huo!" Lyamba akanyoosha fimbo. "Si huo, jamani? Au macho yangu?"

"Mweusi umekwisha, baba mdogo. Huu uliobaki ni wa ringi ambazo hazijakaa. Zikipewa kazi zitakaa."

"Mweusi ulikuwa wa nini?"

Nyanzala alikuwa amesimama kwenye mlango wa ghala, kitenge begani, anatazama chini. Rénovat aliona kwamba akisema kweli anamvua nguo mama huyu mbele ya shemeji yake, na asiposema anajivua mwenyewe, na gari linakwenda vilevile. Alijipangusa mikono, ingawa ilikuwa mikavu.

"Kosa ni langu. Kuna kitu nilikifunga, sikueleza matumizi yake."

"Kitu gani?"

"Cha kiufundi tu."

Lyamba akawageukia watu. "Mmesikia nyie wenyewe. Mara tatu gari linarudi kwake, na leo kakiri kwa mdomo wake kwamba kosa ni lake. Mimi nilisema tangu mwanzo. Haya, vijana, leteni kamba."

"Lenovati."

Hakuna aliyewahi kumsikia Nyanzala akilitaja jina hilo. Rénovat alimtazama Kabula, kwa mazoea.

"Usimtazame Kabula, nakuuliza wewe," Nyanzala alisema. Alikuwa amekwisha kutoka mlangoni na kusogea katikati ya ua. "Ile ndoano uliyoipiga jana ni ya nini?"

Rénovat aliitazama ardhi. "Ya kikapu, mama."

"Na kikapu changu nilikuwa nakitundika wapi?"

"Kwenye kitasa cha choki."

"Kinafanya nini hicho?"

"Kikivutwa, kinaongeza petroli."

Nyanzala alilitazama gari. "Kwa hiyo moshi ni wangu. Na wewe ulikuwa unataka kunibebea."

"Ni wetu sote, mama. Kitasa kilikuwa kimekufa, mimi nikakifufua, sikukwambia."

Mtu mmoja alicheka, na Lyamba akalidaka cheko hilo. "Basi ndiyo hayo! Kikapu cha viazi! Shemeji, gari si mali ya..."

"Shemeji," Nyanzala alimkatiza, bila kupandisha sauti, "tangu kaka yako afe umenisombea gunia ngapi? Basi leo panda nyuma juu ya mpunga, wewe ndiye utazame bomba. Tukifika juu ya mlima na moshi ungalipo, ufunguo nitakupa kwa mkono wangu huu. Nyie wa lori, subirini. Kabula, baki na mtoto."

Landrova ilijazwa magunia mpaka springi zikalala. Lyamba akapanda na koti lake, akakaa juu ya mzigo, uso nyuma. Nyanzala akashika usukani, akatundika kikapu kwenye ndoano, akausukuma mlango wa pili kwa ndani.

"Panda. Au nimwite Kabula aje akwambie panda?"

Rénovat alipanda. Alikaa amebana mlangoni, mikono magotini, akinusa sabuni ya mama mkwe wake. Walitoka uani wakashika barabara ya kurudi Kibaoni, na pale inapoanza kupanda, Nyanzala akaanza kuendesha kwa ule mwendo wake wa mayai. Kwenye kioo cha pembeni Rénovat aliona bluu inafuata. Alijua kinachotakiwa. Injini hii tangu izaliwe upya haikuwahi kutoka jasho, ililelewa mno. Lakini neno lenyewe lilikuwa amri, na hakuwahi kumpa mama huyu hata salamu.

"Kanyaga, mama," akasema.

"Nini?"

"Kanyaga mafuta. Usiihurumie. Gia ya pili, kanyaga mpaka chini."

Nyanzala akakanyaga. Landrova ikaguna, magunia yakalia, Lyamba akapiga yowe nyuma. Wingu la bluu likatoka nene kuliko yote yaliyotangulia, na Rénovat akashika dashibodi. "Usiachie," akasema. "Usiachie, usiachie." Kwenye bega la mlima akamwambia aachie, gari livutwe na mzigo wake, kisha akanyage tena. Walifanya hivyo kwenye kila mwinuko, achia, kanyaga, achia, kanyaga, na Nyanzala alikuwa ametoa ulimi kidogo pembeni mwa mdomo kama msichana anayefuma. Sauti ya injini ikaanza kushuka na kuwa nzito. Rénovat hakutazama kioo tena. Alisikiliza.

Juu ya mlima ngumi ilipigwa kwenye paa. "Simama! Simamisha!"

Lyamba aliteremka, koti jeupe kwa vumbi. Alizunguka nyuma, akainama, akaamuru gari likanyagwe likiwa limesimama. Likakanyagwa. Alikaa ameinama muda mrefu kwa mtu wa umri wake. Uzi mwembamba ulitoka, ukakatika.

"Umebaki kidogo," alisema.

"Utaisha kazi ikiendelea, baba mdogo."

Lyamba alijipangusa koti, akatazama bondeni. "Nitapiga simu waondoe lori pale nje ya ua. Linazibia watu njia." Kisha akaenda kichakani, na hakuwa na haraka ya kurudi.

Nyanzala alizima gari. Yeye ndiye aliyeanza kusema.

"Huko kwenu Katumba, ndivyo ilivyo? Mkwe asimsemeshe mama?"

Rénovat alishangaa. "Si huku kwenu, mama? Mimi niliambiwa kwa Wasukuma ndiyo sheria."

"Sheria ya bibi zetu hiyo. Maiko, mume wa dada yake Kabula, yule wa Geita, akija hapa tunakula naye sahani moja, ananiibia na nyama. Wewe siku ile ulivyoingia kwenye banda la kuku, nikasema basi, Warundi ndio walivyo, nisimtie mkwe wangu aibu. Kila ukija nakuondokea njiani. Kabula naye alidhani ninyi wawili mmependa hivyo." Alitikisa kichwa. "Miaka minne, ng'wanawane, mwanangu. Nilikuwa nasikia unavyocheka na wengine ukumbini, mimi niko jikoni na mlango nimeufunga kwa ajili yako."

Rénovat aliona aibu, na chini ya aibu akaona huzuni ambayo hakuitegemea. Siku Nkwabi alipofariki, yeye alikuwa wa kwanza kushika chepe. Alichimba, alibeba jeneza, alilala matangani mpaka yakaanuliwa. Mjane alikuwa amekaa kwenye mkeka, hatua chache tu, watu wote wakimshika mkono, na yeye pole yake aliituma kwa Kabula kama mtu anayetuma kiberiti.

Akavua kofia, akageuka pale kitini, akamtazama usoni. Alikuwa na makunyanzi mengi kuliko alivyodhani.

"Mama," akasema akimpa mkono, "pole sana na msiba wa baba."

Nyanzala aliupokea mkono wake kwa mikono yote miwili, kama watu wanavyopokeana matangani.

"Asante, baba," akajibu. "Nimeshapoa." Lakini machozi yalikuwa yanamteremka, wala hakuyafuta, na Lyamba aliporudi kutoka kichakani akawakuta hivyo, akapanda nyuma kwenye magunia bila kuuliza.